Kikao Juu ya Maji

Mwanawe mkubwa ndiye aliyemvalisha jaketi la kuelea, akazikaza kamba zake kifuani kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu.

"Linakubana, Mama?"

"Linanitosha," akajibu, ingawa lilimbana. Alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake na nguo inayobana aliijua hata kwa macho. Lakini matembezi haya ni zawadi ya watoto wake, na zawadi haikaguliwi mshono.

Boti ilikuwa bapa, ya watu wachache. Siku hiyo iliwabeba yeye, mwanawe, binti yake na mwongozaji, bwana mcheshi mwenye kofia iliyopauka. Waliingia katikati ya mafunjo marefu kuliko mlango wa nyumba. Kiboko mmoja alitoa masikio majini, akayatikisa, akazama. Ndege mwenye miguu myembamba alitembea juu ya majani ya yungiyungi asilowe. Mama alifurahi, tena hakuificha furaha yake. Tangu afiwe na mumewe alikuwa hajapata siku ya kutazama tu, bila sindano mkononi.

Walipofika penye uwazi mpana, mwongozaji alizima injini ili wasikie ndege. Binti akakohoa kidogo.

"Mama, tuna jambo."

Hapo ndipo alipong'amua kwa nini wamemleta kwenye boti.

Ukoo mzima uliijua tabia yake. Mazungumzo yakimchoma, huchukua mkoba na kuondoka, na hakuna wa kumrudisha. Watu walimwogopa kwa hilo, naye akajiona shujaa. Lakini asiyekuwepo na lake halipo. Aliondoka kwenye kikao cha mashemeji, na shamba la marehemu likagawanywa kabla hajafika kwake. Aliondoka siku ya kupanga harusi ya binti yake, akaja kuonyeshwa kiti chake nyuma ya nguzo. Kila alipobamiza mlango, waliobaki ndani walipumua, wakaendelea.

"Nyumba imekuwa kubwa kwako," mwanawe akasema, macho yakiwa majini. "Kuna mtu ameshaiona, ameipenda. Wewe utakaa kwangu. Chumba tumeshakipaka rangi."

"Na cherehani yangu itakaa wapi?"

"Mama, na wewe umeshachoka kushona."

"Nani kakwambia?"

Mwongozaji aliinua darubini na kuielekeza mahali pasipo na ndege. Mama alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni, ile ile ya siku zote, lakini kila alikotazama palikuwa maji. Walimweza, alijiambia. Hakika walimweza.

Kumbe boti ilikuwa ikisukumwa polepole na mkondo. Ikakwaruza chini, ikasimama. Mwongozaji akachovya upondo, mti wake mrefu wa kusukumia boti, huku na huku.

"Wakubwa zangu, samahani, tumepanda fungu la mchanga. Maji ni ya magotini, na chini panaonekana, hamna mnyama. Tushuke tuipunguzie uzito. Mama akipenda, kile kidaraja cha mbao kinakwenda mpaka kituoni. Si mbali."

Mama alikitazama kidaraja. Kilikuwa hatua chache tu, kikavu, kimenyooka. Mkono wake ulikuwa umeshashika mkoba, na goti moja limeshanyanyuka. Akawaona watoto wake wakitazamana, na katika macho yao akaona ile pumzi anayoijua, pumzi ya watu wanaosubiri mlango ufungwe. Angefika kituoni akiwa na hasira zake zote, nao wangefika baadaye wakiwa wameshakubaliana.

Akaketi.

"Shuka basi, Mama," mwanawe akasema.

"Sishuki."

"Boti haitatoka."

"Itatoka. Sukumeni." Akauweka mkoba miguuni. "Na nyumba siuzi. Huyo aliyeiona, mwambieni macho hayana pazia. Siku nikichoka kushona nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu huu."

Binti alicheka kwanza, kisha akajiziba mdomo. Mwana alivua viatu, akakunja suruali yake ya pasi, akaingia majini akinung'unika. Binti na mwongozaji wakamfuata, wote watatu wakainama, wakasukuma. Mama alikaa katikati ya boti peke yake, mikono pajani, na uzito wake wote hakuupunguza hata chembe.

Boti ilikataa, ikakubali kidogo, mwisho ikateleza na kuelea. Mwana akaishikilia ukingoni, matope yamemrukia mpaka shingoni, na akamtazama mama yake kama aliyesahau kwamba boti wameikodi wao.

"Tupande, Mama?"

"Pandeni," akasema. "Bado hatujamaliza kuzungumza."

Mwana hakupanda mara moja. Mama alimwona akikitupia jicho kile kidaraja.