Hakimu Gesare wa Manga

Tangu mjukuu wake aapishwe, Persis hakumwita Gesare kwa jina tupu. Alikuwa Hakimu Gesare kanisani, Hakimu Gesare kwenye kituo cha majani chai, na siku ya kumshukuru Mungu, wageni walipojaa uani pale Manga, hata ugali wa wimbi ulitangazwa kuwa wa hakimu. Fahari ilimjaa mama huyu aliyeishia darasa la nne.

Lakini moyoni alikuwa na lake. Jirani yake Nyakundi alikuwa amesogeza mpaka na kumeza mistari miwili ya chai yake, na kesi ilikuwa isikizwe Jumanne. Hakimu aliyepangiwa kuisikiza alikuwa amesoma na Gesare. Neno moja tu kwa simu, Persis aliwaza, na chai ingerudi.

Akamvuta mjukuu hadi jikoni. Mwanawe Onyancha akawafuata, akicheka kwamba Nyakundi ajiandae kuhamia Keroka. Persis aliona haya kuanza na shida, akaanza na swali: hilo neno hakimu lilitoka wapi hasa?

Gesare akavuta kigoda, akaeleza kuwa ni la Waarabu, limezaliwa tumbo moja na hukumu na hekima. Tena mwalimu wake aliwahi kusema kuwa asili yake ni lijamu, kile chuma anachotiwa farasi kinywani asije akakimbilia atakako.

"Basi kamba ni yako," Onyancha akasema. "Mvute Nyakundi."

"Sivyo, baba mdogo. Kabla sijamzuia mtu, chuma hicho kimo kinywani mwangu mimi."

Onyancha akajitia kuchochea moto ambao ulikuwa ukiwaka vizuri. Persis alimtazama yule mtoto aliyemlea mgongoni huku akichuma chai, akamwona mpya, kama mgeni wa heshima aliyeingia bila kubisha.

"Magokoro," Gesare akamwambia bibi yake, "nadhani ulikuwa na jambo."

Ombi lilikuwa limefika ulimini. Persis alilisikia likirusha mateke.

"Nilitaka kujua kama umeshiba, mwanangu."

Jumanne alipanda bodaboda peke yake hadi mahakamani, amevaa gauni la Jumapili na kilemba kilichopigwa pasi. Nyakundi alikuwa amekuja na wakili. Karani alipomuuliza Persis kama ana wa kumsemea, alisimama, shingo juu, akajibu kuwa atajisemea. Kisha akaanza, taratibu, na mwaka alipopanda mche wa kwanza.