Choki ya Babu Aidarus

Faraj alirudi likizo kutoka shule ya bweni na barua mbili za malalamiko za mwalimu mkuu na nia moja njema: gari la marehemu babu yake, Aidarus, lisiuzwe kabla bibi hajatoka eda.

Zilibaki siku tisa. Bibi Mwanakuu alikuwa ghorofani nyumbani kwao mtaa wa Ndia Kuu, madirisha yamerudishiwa, na ombi lake lilikuwa dogo: akitoka eda, azungushwe kisiwa mara moja ndani ya gari la mumewe. Lakini ami Jamaldin alikwisha kupata mnunuzi, Bwana Joab wa reli, akaaye Buxton, naye angefika asubuhi ile.

Babu alikuwa na kawaida yake. Kila asubuhi alivuta kifungo cha choki, kijilango cha hewa kikafunga kwenye kabureta, kwa kuwa injini baridi hutaka petroli nyingi na hewa haba. Akishawasha, husoma sura ya Kul huwallahu mara kumi na moja, bila pupa. Ya mwisho ikiisha, injini imepata moto. Huirudisha choki, moshi ukasafika. Akisahau, mtaa mzima hukohoa.

Hapo elimu ya bweni ikapata kazi. Faraj alichukua uzi mweupe katika mkebe wa babu wa kushonea kofia, uliobaki akautupa ndani umetatizana. Akafunua boneti, akakifunga kijilango kwa mafundo matatu. Hata choki ikirudishwa, kijilango hakirudi.

Bwana Joab akaja na tai yake.

"Gari zima hili?"

"Zima kutushinda," alisema ami Jamaldin. "Marehemu alilitunza kama mke wa pili."

"Wa kwanza yuko huku juu, Jamaldin," ikasema sauti dirishani. "Anasikia."

Joab akavuta choki, akaliwasha gari, moshi mweusi tii ukajaa uchochoro. Akairudisha choki, moshi ukazidi. Faraj akauma shavu asicheke. Kisha injini ikakohoa mara tatu, ikanyamaza, ikaguna ya nne kwa mbali, vile vile alivyokohoa babu miezi yake ya mwisho. Ikazimika. Ami Jamaldin akashika ukuta. "Kikohozi cha marehemu!"

"Mimi sinunui gari lenye mwenyewe ndani," alisema Joab, akaondoka bila kufunga mlango. Ami Jamaldin akamfuata mbio.

Faraj akafunua boneti afungue uzi wake. Hapakuwa na uzi. Kijilango kilikuwa wazi. Akaigusa injini iliyonguruma punde hivi: baridi kama mtungi wa maji.

Akaukimbilia mkebe. Uzi ulikuwamo, wote, umeviringwa safi, sindano imechomekwa mshazari. Babu peke yake ndiye aliyechomeka hivyo.

Aliporudi garini, kifungo cha choki kilikuwa kimevutwa.

"Faraj!" Bibi aliita kutoka juu. "Mbona husomi?"

"Nimsomee nani, bibi?"

"Babu yako anangoja. Na usikimbize maneno, hii si shule."

Faraj akasoma, bila pupa. Ya kumi na moja ilipoisha, kifungo kikarudi ndani chenyewe, taratibu.

Eda ikaisha. Ami Jamaldin, ambaye habari za kuuza hakuzitaja tena, akashika usukani. Faraj akamfungulia bibi mlango wa mbele.

"La, mwanangu," alisema bibi, akaingia nyuma. "Hapo pana mtu."