Kiti cha Mpiga Besi

Binti alilala chali chini ya kiti cha baba yake, bisibisi mkononi, akikaza kidude cha kukitetemesha kiti kwa mdundo wa muziki, ili mwili usikie kisichosikika masikioni. Kaka zake walishamwambia anajisumbua bure. Masikio ya mzee yalikuwa yanaziba, hilo halikuwa na ubishi, na kabla hayajaziba kabisa alitaka jambo moja tu: kumsikia marehemu mkewe akiimba.

Wimbo waliorekodi ulikuwa mmoja tu, wa enzi zao. Mama ndiye mwimbaji, baba kwenye gitaa la besi. Binti akaufungua kwenye kompyuta, akaweka mpaka: sauti nzito, za chini ya hezi themanini kwa kipimo cha mitetemo ya sauti, ziende kwenye kiti, zilizobaki ziende kwenye hedifoni. Akamvisha mzee hedifoni, akabonyeza.

"Najisikia mimi tu!" baba akapiga kelele. "Mama yako yuko wapi?"

Yuko wapi! Binti nusura acheke, na kicheko chenyewe kilikuwa kichungu. Siku ya kurekodi alikuwepo, mtoto kwenye benchi la studio, na alimsikia baba akimwamuru fundi mitambo: "Mshushe sauti huyo mama, ananifunika." Fundi akamshusha. Leo ukimpandisha mama, besi nayo inapanda pamoja naye, maana walishachanganywa kwenye rekodi moja, hawatenganishiki tena.

Hata hivyo hakukata tamaa. Akaupandisha ule mpaka wa sauti, hezi mia, mia mbili, mia tatu, ili walau sehemu ya chini ya sauti ya mama iangukie kwenye kiti. Kiti kikanguruma mpaka vikombe vikagongana mezani. Baba akaivua hedifoni, akafumba macho, viganja juu ya mikono ya kiti.

"Huyo! Huyo hapo!" Machozi yakamtiririka. "Ndiye yeye!"

Moyo wa binti ukaruka kwa furaha. Akaivaa hedifoni haraka, wasikilize pamoja. Wimbo ulikuwa umefika pale mama anaponyamaza na baba anacharaza besi peke yake.

Akaivua taratibu.

"Hapo mama haimbi, baba," alisema, kwa sauti ya kawaida tu, akijua haitamfikia. "Hiyo ni besi yako."

Baba aliona midomo ikicheza, akaitikia kwa kichwa.

"Eeh," akasema, vilevile alivyokuwa akimjibu mama miaka yote, akili na vidole vikiwa kwenye nyuzi za gitaa.