Aliyeuachia Mkono

Mwanaasha aliandika hadithi Mombasa, akaisoma kwa sauti na kuituma kwenye kundi la simu la Wabajuni waliotawanyika tangu vita vya mwaka tisini na moja. Ilimhusu Fumo, mwanamume aliyemwacha mamake ufuoni mwa kisiwa cha Chula siku watu walipokimbia kwa mashua.

Kesho yake kaka yake Idarus, muuza nyavu wa Kismayo, akampigia simu.

"Umenianika mbele ya watu. Nani asiyejua kuwa ni mimi niliyeisukuma mashua ile?"

Juma lile lile Mwanaasha alisafiri hadi Kismayo, akamkuta dukani ameketi juu ya robota la nyavu. Idarus aliitikia salamu bila kumtazama.

"Kaka, Fumo si wewe."

"Ana ndevu, ana miaka ishirini, ameshika upondo wa kusukumia mashua. Ni nani basi?"

"Ndevu nimeazima kwako. Lakini mkono uliomwachia mama ni wangu."

Akamweleza. Alikuwa na miaka tisa, maji yamemfika kiunoni, amemshika mama mkono. Risasi zilikuwa zikisikika. Mama aliteleza mwambani, mkono ukawa mzito. Mwanaasha akauachia, akapanda mashuani.

"Ukaniambia mama yumo kwenye mashua ya pili," Idarus alisema polepole. "Miaka yote nimedhani uliona vibaya."

"Sikuona vibaya. Niliogopa ungerudi, tufe sote."

Mama yao aliishi Chula miaka miwili zaidi, akafa bila mwana hata mmoja karibu naye.

"Nilijaribu kumwandika mtoto wa kike, nikashindwa," Mwanaasha alisema. "Nikampa mwanamume kosa langu, nijifiche. Sikufikiri kuwa wewe ndiye utakayelibeba."

Idarus hakusema amemsamehe. Mteja aliingia, Idarus akamwomba arudi baada ya adhuhuri. Kisha akamuuliza dadake, "Ulipomwachia, mama alisema nini?"



"Alisema, 'Shika ubao wa mashua, mwanangu. Shika ubao.'"

"Hilo halimo kwenye hadithi yako."

"Fumo wangu nilimfanya asisikie kitu. Ilikuwa rahisi zaidi kumchukia."

Idarus alifunika uso kwa kitambaa cha begani, akalia, mwanamume wa miaka hamsini na zaidi, mlango wa duka ukiwa wazi. Mwanaasha akasogea, akaketi juu ya robota kando yake.

"Liandike," alisema Idarus. "Nataka watu wamsikie mama."