Beberu wa Ukuta wa Eksirei

Jumatatu, baada ya sala ya asubuhi, mjane aliingia bandani na ndoo ya pumba akakuta mbuzi wake amezaa mapacha wenye ngozi ya kuonyesha ndani kama kioo. Mbavu zilihesabika bila kuwashika. Waliponyonya, maziwa yalionekana yakishuka shingoni mpaka tumboni. Mjane aliwafuta kwa gunia, akamshukuru Mungu kwamba wote ni majike.

Mchinjaji alipita, akasema mbuzi wa hivi wanamrahisishia mtu kazi. Bwana mifugo yeye alitoa daftari. Aliuliza mama yao amekula nini, akaambiwa majani yale yale. Akauliza habari za baba.

Baba yao, beberu, kwa miaka minne alikuwa akifungwa kamba nyuma ya hospitali, penye ufa wa ukuta wa chumba cha eksirei, hatua mbili kutoka kwenye kiti cha mlinzi. Mlinzi alikuwa marehemu mume wa mjane, na kiti hicho alikikalia miaka ishirini na sita. Mapacha hawajawahi kufika huko.

“Wamerithi,” alisema bwana mifugo. “Mionzi imepita kwa baba, imetokea kwa watoto.” Akajaza kurasa tatu.

Mjane alimwita bintiye, akamvua glavu ya kushoto. Tangu azaliwe, mkono ule ulionyesha mifupa yote, na pete ya ndoa ilikaa juu yake kama imetundikwa hewani. Bwana mifugo aliutazama kwa heshima, kisha akasema yeye ni wa mifugo tu.

Sasa kiti kile kilikuwa cha mkwe, aliyerithi kazi, koti na rungu. Alikuwa ameoa majuzi tu, na binti alikuwa bado hajashika mimba. Ndiyo maana Alhamisi mjane alikaa kwenye benchi la hospitali tangu saa moja, akiwa na ombi moja: kiti kisogezwe.

Msimamizi alimpokea vizuri. Alisema ripoti ya mapacha imewanyima usingizi.

“Mama, hapa hatuchezi na afya ya mbuzi.”

“Na mkwe wangu?”

“Yule ni mwajiriwa, mama yangu.”

Wiki ile ile fundi aliandika ukutani kwa rangi nyekundu: MARUFUKU KUFUNGA MIFUGO HAPA. MIONZI. Mkwe alikabidhiwa kazi ya kusimamia amri hiyo. Na kwa kuwa kiti kilikuwa kinaziba neno la mwisho, kilisogezwa hatua mbili, mpaka penye ufa, pale pale alipokuwa akifungwa beberu.

“Ombi lako limesikika, mama,” mkwe alimwambia jioni, amefurahi. “Na pale pana kivuli.”

Mjane alimpakulia chakula.

Miezi mitatu baadaye binti alianza kutapika asubuhi. Mama yake hakumuuliza kitu. Alikwenda dukani, akachagua kitambaa kizito, akakiinua juani kuona kama kinapitisha mwanga. Hakikupitisha. Akaomba akatiwe cha kutosha nguo sita za mtoto.