Makofi ya Mama Cherehani

Mlinzi wa mlango wa waigizaji alimkatalia katakata. "Mama, mfalme haonani na mtu kabla ya mchezo. Kata tiketi kama wenzako."

Mfalme! Mtoto aliyemzaa mwenyewe, akamfunga kamba za viatu! Mama Cherehani, fundi aliyewashonea nguo nusu ya mtaa wake, akameza mate machungu, akakata tiketi.

Ukumbi wenyewe haukuwa na paa. Ni ngazi za mawe zilizochongwa mteremkoni, chini jukwaa, na nyuma ya jukwaa bahari, buluu tupu. Watu walipiga picha mpaka basi. Yeye bahari hakuiona. Mumewe alikuwa hospitali, daktari kasema kesho hafiki, na huyu kijana, aliyefukuzwa nyumbani miaka sita iliyopita kwa kupenda maigizo kuliko karakana ya baba yake, hapokei simu ya mtu yeyote wa kwao. Ilibidi aondoke naye leo hii.

Mchezo ukaanza. Mfalme akatokea na joho lililoshonwa ovyo mabegani, akaanza kumfokea mjane mmoja, anafoka tu, hamalizi. Mama alivumilia weee, uvumilivu ukamwisha. Akasimama.

"Mwanangu! Baba yako anakata roho!"

Watu wakageuka, kisha, loo, wakapiga makofi!

"Kumbe huyu naye mwigizaji, wamemficha kati yetu!" jirani yake akacheka. "Anajua huyu!"

Mama akashuka ngazi analia, kamasi zinamtoka, na kadiri alivyolia ndivyo walivyomshangilia. Watu wazima na akili zao!

Mfalme hakucheka. Alisogea ukingoni mwa jukwaa, taji limemkaa upande, akauliza taratibu, "Amenitaja?"

Hapo sasa. Asubuhi ile Mama alimwinamia mgonjwa, akamwuliza, nikuitie mtoto? Mzee, na pumzi zenyewe za kuokoteza, akaugeuzia ukuta uso. "Sina mtoto," akasema.

"Amekutaja," Mama akajibu. "Tangu jana jina lako halimtoki mdomoni."

Kijana akavua taji, akaliweka sakafuni, akaruka chini na kumkumbatia. Ukumbi mzima ukasimama, ni makofi na miluzi. Wakapanda ngazi wameshikana mikono, joho linaburuta.

"Mama, alisemaje hasa? Niambie maneno yake mwenyewe."

"Alisema... mwambie mwanangu aje. Yaliyopita si ndwele."

Kijana akaangua kilio cha kitoto. Kisha akakaza mwendo, akimvuta mama yake kuelekea kwenye teksi. "Haraka, Mama! Twende tumkute!"

Na Mama Cherehani, aliyemuuguza mume yule miezi minane bila kunung'unika hata siku moja, akamwomba Mungu wasimkute.