Kituo cha Bi Hija

Benedicta alikuwa na maringo ya aina moja tu, na yalikuwa maringo ya kazi. Nguo zake za kawaida, nywele anasukwa na jirani yake huko Tegeta, lakini uguse mchujo wake wa kompyuta uone. Aliutengeneza mwenyewe katika kampuni ya vifurushi iliyomwajiri Kinondoni, na kwa wiki kadhaa ofisi nzima haikusikia habari nyingine.

Kampuni ile hushusha vifurushi kwenye maduka ya mitaani, na mteja anakwenda kuchukua chake pale. Maduka yanayotaka kuwa vituo ni mengi kuliko nafasi zenyewe. Zamani Rogers, mkuu wa kitengo, alichagua kwa kuzungukazunguka na gari, na aliyejuana naye hakukosa. Benedicta akaleta mfumo unaojiendesha. Unapitia maduka yote wenyewe: barabara inapitika? Umeme upo? Wateja wanalalamika? Duka likikutwa limefungwa mara tatu ndani ya mwezi na mwenyewe hapokei simu, linatupwa nje, la jirani linaingia. Kubembeleza hakuna.

"Mfumo haujui shangazi wala mjomba," alipenda kusema, na Rogers alicheka kwa shingo upande maana alijua anasemwa yeye.

Ijumaa moja akaambiwa ana mgeni. Alikuwa Bi Hija, mwenye duka linalotazamana na geti la wazazi wake kule Segerea. Bi Hija ni mtu wa Masasi, na ndiye aliyemfundisha Benedicta kukuna nazi enzi hizo mama yake, Mhaya wa watu, alipokuwa bado anaishangaa mbuzi ya nazi.

"Shikamoo Bi Hija! Kwema huko?"

"Marahaba mwanangu. Kwema. Baba yako hajambo, jana kala vizuri." Akakaa, akatoa simu kwenye mkoba. "Wameniletea ujumbe. Wanasema mie si kituo tena."

Benedicta alishtuka. Mfumo ulimwonyesha maduka kwa namba tu, hakujua ni lipi la nani. Akatafuta kwenye kompyuta, akaliona. Mara tatu, ndani ya wiki moja, miezi miwili iliyopita. Limefungwa. Simu haipokelewi.

"Ulikuwa wapi siku hizo, Bi Hija?"

Bi Hija akaangalia vidole vyake. "Nilikuwa na shughuli."

"Shughuli gani ya kufunga duka wiki nzima, na simu hupokei?"

"Shughuli tu, mwanangu. Yameshapita." Kisha akasema taratibu, "Sijaja kubishana. Nimekuja kuuliza nilipokosea, nijirekebishe. Tangu vifurushi vianze, duka lilikuwa limeanza kupumua. Mtu akija kuchukua chake anaondoka na sukari, anaondoka na sabuni. Sasa hivi wananipita hivihivi. Nikikaa hivi mpaka mwisho wa mwaka, nafunga moja kwa moja."

Benedicta alimhurumia, lakini alikuwa ameshasema sana juu ya shangazi na mjomba. "Sheria ni ya wote, mama yangu. Nikikurudisha wewe kwa sababu umenilea, wale wengine nitawaambia nini?"

"Haya mwanangu. Nimeelewa." Na kweli alisimama kama mtu aliyeelewa, akaomba maji ya kunywa, akaaga.

Alipoondoka, kiti chake kilimsumbua Benedicta kwa kuwa kitupu. Kila bodaboda wa kampuni akikuta duka limefungwa hulipiga picha kama ushahidi, na picha hizo hakuna aliyezifungua ofisini. Mchujo ulihitaji kujua tu kwamba zipo. Akazifungua, kwa nia ya kujiridhisha kwamba hakumwonea mtu.

Ya kwanza ilikuwa mlango wa kijani umefungwa, basi. Ya pili ilikuwa mlango uleule, ila kwenye nondo za dirisha palifungwa kamba ya bluu, imevutwa kwenda juu. Ya tatu bodaboda alirudi nyuma kidogo, na picha ikachukua mtaa. Kamba ile ilishikilia turubai. Chini ya turubai palikuwa na viti vya plastiki, na kwenye kizingiti cha duka liliegemezwa sufuria kubwa lenye maandishi ya rangi nyekundu: MAMA BENE. Mama yake aliliandika hivyo mwenyewe, kwa sababu sufuria la kuazimwa kwenye shughuli lisipoandikwa halirudi. Pembeni, mwanamke aliyejifunga khanga kiunoni alikuwa ameinamia moto, uso hauonekani. Wala haukuhitajika.

Wiki ile walikuwa Bukoba. Yeye, baba yake na ndugu zake walisafiri na jeneza kwenda kumzika mama, na huku Segerea msiba ukabaki wazi, maana watu walikuwa wanaendelea kuja na mtu hawezi kuja kutoa pole akakuta geti limefungwa. Waliporudi walikuta nyumba imefagiliwa, vyombo vimeoshwa, hata kijiko hakikupotea. Benedicta hakuuliza nani. Alijisemea ni watu wa msiba, kana kwamba watu wa msiba hawana majina, hawana maduka.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Muda mfupi tu uliopita alikuwa amemuuliza yule mama, shughuli gani!

Akaenda kwa Rogers na kompyuta mkononi, akamweleza yote bila kuficha. Rogers alimsikiliza, kisha akashindwa kujizuia.

"Kwa hiyo leo mfumo umepata shangazi?"

"Umepata, bosi. Na si wangu peke yangu. Nimepitia picha za waliotupwa, maturubai yamo mengi tu. Tunawatupa watu wanaozikana, tunabaki na wasiojali jirani. Ndio hao tunataka wawatunzie watu mizigo?"

"Ukiruhusu msiba, watadanganya."

"Adanganye msiba? Amtaje nani kafa, bosi? Ni uchuro huo, nani anautaka?"

Mwaka uliopita Rogers alizika kaka yake, na alijua ni nani waliomlindia nyumba. "Rekebisha," akasema. "Rekebisha kabla hatujaupeleka mfumo wako na Temeke."

Akarekebisha. Sasa duka likikutwa limefungwa, mwenyewe anatumiwa ujumbe aeleze sababu, ugonjwa, safari au msiba, na hakuna anayetupwa mpaka mtu ampigie mtu. Wote waliotupwa kwa msiba walirudishwa kwa mkupuo mmoja, Bi Hija akiwa katikati yao kama wenzake.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Benedicta akaenda Segerea. Bi Hija alikuwa anapima unga, akafurahi kumwona, akaanza kushukuru. Benedicta akamkatisha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini?"

"Kwamba ulikuwa kwetu. Nimekuuliza kabisa, ukaniambia shughuli."

Bi Hija akaweka kopo chini. "Sasa mwanangu, ningesemaje? Nije ofisini kwako nikudai kwamba nimelala msibani kwa mama yako? Yule alikuwa mwenzangu. Hata simu niliisahau ndani ya friji ya soda, nikaja kuiokota imekufa."

Benedicta alicheka, na kicheko hakikufika mwisho. Kule Bukoba hakulia. Alikuwa anashughulikia usafiri, anashughulikia wageni, anampa baba dawa. Kilio chake kilikuja sasa, katikati ya magunia ya unga, kwa sauti ambayo hakujua anayo. Bi Hija hakumwambia anyamaze. Alisukuma mlango wa kijani ukafunga, akamkalisha kwenye kreti, akamshika kichwa.

Bodaboda akaja, akagonga, akagonga tena. Baadaye kidogo simu ya Bi Hija ikalia kwenye rafu. Bi Hija akaitazama, akamsogezea Benedicta.

"Inauliza mambo yako haya. Mie sijui pa kubonyeza."

*Duka limefungwa. Sababu?*

Benedicta akafuta macho kwa upindo wa khanga ya Bi Hija, akabonyeza.

Nje, bodaboda akasoma jibu kwenye simu yake. Hakupiga picha. Alivua kofia, akasogea kwenye nondo za dirisha, akasema, "Poleni, mama zangu," kisha akakaa kwenye benchi na kifurushi mapajani, akawasubiri.